Bunduki Tatu kwa Nguruwe Mmoja

Jumatatu, 4 Agosti

Nimesafisha bunduki zote tatu za ghala, kama kila Jumatatu. Hakuna aliyezigusa tangu Jumatatu iliyopita. Mafuta, kitambaa, mafuta tena. Bega la kulia lauma hata nikipiga mswaki. Kwale kuna ukungu, na chai ya kituo ni maji yaliyopakwa rangi.

Tunaziita Babu, Mjomba na Kijana. Babu ni .458, kipenyo cha kumwangushia tembo. Mjomba ni .375, wa nyati. Kijana ni .308, mwembamba, wa vitu vidogo. Nimezibeba tangu nilipoingia uaskari wa wanyamapori, na sasa nangoja kustaafu. Zenyewe hazistaafu.

Mchana Mwanasha akapiga simu. Mdogo wangu, tumbo moja. Hakusalimu, ndipo nikajua kuna jambo. Nguruwe mwitu anayemmalizia muhogo wake tangu mvua ziishe amemchana mumewe paja, alfajiri ya leo. Hamisi alitoka kumfukuza kwa tochi na fimbo. Fimbo! Wamempeleka Msambweni, ameshonwa, atalazwa hadi mwisho wa wiki.

Nimechoka kabla sijaanza.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeshuka Msambweni kumwona shemeji. Uso umemkauka. Jeraha latoka karibu na goti hadi juu, na daktari amemwambia ashukuru halikufika kwenye mshipa mkubwa. Hamisi hakuwa na hamu ya kushukuru.

"Shemeji, mimi pale sirudi," akaniambia. "Jumapili nikitoka hapa, namchukua Mwanasha twaenda kwetu Mwabungo. Kama yule mnyama yuko hai, shamba na alilime yeye."

Hakuwa akitania. Nilimtazama vizuri.

Shamba lenyewe ni la mama yetu. Liko chini ya msitu, upande wa Kombani. Mama alililima mpaka siku aliyoanguka mumo humo, na kijembe mkononi. Mimi nilikimbilia sare na mshahara. Mwanasha ndiye aliyebaki nalo. Akihama, msimu mmoja tu litakuwa kichaka. Kisha ataingia mtu, kisha tutaanza kwenda na kurudi ofisini kwa chifu mpaka tuzeeke. Hayo nimeyaona kwa wengine.

Kwa hivyo nguruwe afe kabla ya Jumapili, au shamba la mama liende. Ndivyo mambo yalivyo.

Mkuu wa kituo ametoa ruhusa, kwa kuwa mnyama amejeruhi mtu. Yeye ni mtu wa bara, hana maneno mengi. "Bakari, maliza hiyo kitu wiki hii. Chukua bunduki yenye unataka."

Kana kwamba hilo ndilo jambo rahisi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimelikagua shamba. Yamefukuliwa matuta kana kwamba trekta ya mlevi imepita. Muhogo mwingine ameung'ata mara moja tu akautupa. Hilo limeniudhi kuliko ule aliokula. Amebomoa pia ukuta wa jiko la Mwanasha, akafuata makopa, muhogo uliokaushwa, yaliyokuwa ndani.

Nyayo ni za dume, kubwa, mzito nyuma. Huingia na kutoka kwenye tobo moja tu la uzio, kona ya juu, panapopakana na msitu. Mnyama wa mazoea. Kukipambazuka ndipo anapopita kurudi kulala.

Nyuma ya tobo kidogo kuna kichuguu cha zamani, kimenifika kifuani, kipana kama gari dogo. Tulikuwa tukikipanda tukiwa watoto na mama akitufokea. Nyuma ya kichuguu ardhi inateremka, na huko chini ndiko kwa Mutua. Mutua ni Mkamba, baba yake alikuja na wale wa mashamba ya makazi mapya, na yeye amezaliwa hapa hapa. Jiko la mke wake, Mama Ndanu, limeelekea huku kwetu. Udongo na fito, basi.

Nimekaa juu ya shina la mnazi ulioanguka, nikawaza kipenyo.

Babu simtaki. Risasi ya .458 itamtoka nguruwe upande wa pili bila hata kupunguza mwendo, na sijui itasimamia wapi. Tena kwa bega hili, Babu akilia mara moja mimi ndiye nitakayelazwa kando ya Hamisi.

Kijana ndiye mwepesi. Lakini dume kama huyu ana ngozi ngumu begani, na kwa umbali ule .308 itamjeruhi tu. Atakimbia nayo msituni. Na hapo nani atafuata damu? Hapa kwetu hakuna. Damu ya nguruwe ni najisi ile nzito, yenye kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wanaume wa hapa watakusindikiza hadi ukingoni mwa kichaka, wakuombee dua, wasimame. Mbwa wa kunusa hawafugi, naye mbwa ni hukumu ile ile. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nitaigusa kwa kuwa ndiyo kazi yangu, lakini sipendi.

Na nguruwe aliyejeruhiwa ndani ya kichaka ni mbaya. Hamisi alichanwa na mzima.

Basi amebaki Mjomba. Risasi ya .375, yenye ncha laini, itamwangusha pale pale aliposimama. Ikipita, itaingia kichuguuni na kuzimika. Kile kichuguu kingesimamisha hata lori.

Mjomba, basi. Nimeridhika. Ningeweza kujenga dungu nikapiga kutoka juu, kama wanavyofanya wanaolinda mpunga, lakini magoti yangu na ngazi hayapatani siku hizi. Uvivu pia. Nauandika kwa sababu hapa hakuna wa kunisoma.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepita kwa Mwanasha kumweleza. Amenipa chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, na mahamri, akanikalia mbele kama mama. Hasemi "nguruwe." Nyumba nzima hawasemi. Ni "yule mnyama," na ukilitaja jina huku unakula watu wanaweka chini kikombe.

"Kaka, utampata kweli?"

Nikamwambia kesho alfajiri, inshallah. Nikamwambia watu wakae ndani mpaka waisikie bunduki, wala asitokee mtu upande wa juu. Nikamwambia pia aandae maji mengi na udongo safi, kwa kuwa nitamgusa yule mnyama nikimvuta, na wachimba kaburi nao watahitaji. Sheria ya kazi ni azikwe, na haliwi hata kipande.

Jioni Maalim wa madrasa akawakusanya watu akawafunza tena namna ya kujitoharisha. Alifanya vizuri, mzee wa watu. Wengi walikuwa wameshasahau. Udongo uwe tohara, akasema, pasipokojolewa wala pasipotupwa taka. Nilimsikia kwa mbali nikiwa naondoka. Kila mtu akaanza kuuliza pa kuupata.

Nimerudi Kwale nikamchukua Mjomba. Risasi nne, zinatosha. Nimekula wali mkavu. Nalala mapema.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikupiga.

Wacha niandike polepole, maana tangu asubuhi nimeyameza.

Nilifika kukiwa bado giza. Nikaswali alfajiri palepale kati ya mashina ya muhogo, bunduki kando, kisha nikakaa nyuma ya ule mnazi. Baridi. Bega likaanza mapema. Mbingu ikapauka, na kabla sijaona vidole vyangu vizuri nikamsikia akitafuna. Mnyama huyu hana adabu hata ya kutafuna.

Akaja akielekea tobo. Mkubwa kuliko nyayo zake. Akasimama ubavu, kichwa chini, mahali nilipotaka hasa. Nikafungua kizuizi cha usalama cha bunduki. Mtutu ulikuwa umetulia kuliko ulivyotulia miaka mingi. Nikavuta pumzi.

Nyuma ya mgongo wake nikaona moto.

Moto mdogo, mwekundu. Nikadhani macho yangu yananidanganya. Nikafumba, nikafumbua. Ulikuwa moto wa jikoni kwa Mama Ndanu, na yeye mbele yake ameinama anapuliza, kivuli chake chaenda na kurudi. Nilimwona wazi, juu kidogo ya mgongo wa nguruwe. Pale palipotakiwa kuwa na kichuguu.

Kichuguu hakikuwepo. Kilikuwa kimekatwa, kimebaki usawa wa magoti.

Nikashusha mtutu. Nguruwe akamaliza alichokuwa akitafuna, akapita kwenye tobo kwa raha zake. Nikabaki pale mpaka jua likatoka. Nilikuwa na hofu ya mtu mzima, ile isiyo na kelele.

Kisha nikatembea mpaka kijijini, na njiani nikaelewa. Kila mlango una ndoo. Kila mtu aliyepitiwa na yule mnyama uani kwake amejiwekea udongo wa kujitoharisha. Udongo mzuri, mwekundu, usiokanyagwa na mtu. Wamekwenda kichuguuni jana magharibi na majembe na makarai. Wa mwanzo alikuwa Mwanasha. Yeye ndiye aliyewaonyesha. Ndoo yake ndiyo kubwa kuliko zote, ameifunika kwa leso, ameiweka kwenye kivuli, ya kaka yake. Udongo uliobaki amekandikia ukuta wa jiko.

Mimi ndiye niliyemwambia aandae udongo safi. Sikumwambia autoe wapi. Sikumwambia kwa nini nimemchagua Mjomba.

Wanaume walikuwa wamengoja na majembe. Mwanasha akaja mbio.

"Mbona hatukusikia kitu? Hakuja?"

Nikasema alikuja.

"Alikuja na hukupiga? Ulikuwa naye mbele ya macho, kaka! Mbele ya macho! Leo Ijumaa, kesho kutwa Hamisi atoka. Wanitaka nimwambie nini?"

Nikasema shabaha haikukaa. Watu wakatazama chini. Mmoja akakohoa. Mwanasha akageuka akaenda ndani, na tangu hapo hajanisemesha.

Ningemweleza neno moja tu angekaa kitako palepale. Na asingesimama tena, namjua. Angeona ile ndoo maisha yake yote. Amechimba udongo ule kwa mapenzi.

Kwenye swala ya Ijumaa walinipisha nafasi mstari wa mbele, kama anavyopishwa mgonjwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikulala vizuri. Nimeamka na hasira. Hasira na kichuguu, na Maalim, na mama aliyetufokea tusikipande badala ya kuwaambia watu wote wasikiguse. Upuuzi mtupu. Hasira zangu zote siku hizi ni za aina hii.

Asubuhi nimerudi shambani. Nguruwe alikuja tena, akala, akatoka tobo lile lile. Sasa hata hana haraka.

Nilikuwa nimesimama kwenye kichuguu, au mabaki yake, Mutua akapanda kutoka kwake, panga mkononi. Akanisalimu vizuri, kama kawaida yake. Akauliza kama ni kweli tutaizika nyama yote hiyo, kwamba si ni kuharibu. Nikamwambia ndiyo sheria. Akacheka. Kisha akaona ninapotazama.

Akatazama kichuguu kilivyokatwa. Akageuka akatazama mnazi nilipokuwa nimekaa jana, akafuata kwa macho mpaka kwenye tobo, mpaka kwenye jiko la mke wake. Moshi ulikuwa ukitoka.

Akapangusa panga lake kwenye suruali, ingawa lilikuwa safi.

Akaniuliza, "Afande, dungu inataka miti urefu gani?"

Tukajenga hadi adhuhuri. Alikata miti mwenyewe, akafunga kwa kamba za katani, hakukubali nibebe mti mzito kwa sababu ya bega. Tumeliweka upande wa pili kabisa, karibu na tobo, mtutu uelekee chini na kwa msituni. Kutoka pale juu risasi yoyote itaingia ardhini. Nilipanda kujaribu. Linayumba. Nikajua hapohapo kwamba Mjomba hafai tena. Akilia mimi na dungu tutashuka pamoja.

Kwa hivyo Kijana. Kwa ukaribu huu, kutoka juu, nyuma kidogo ya bega ambapo ngozi ni nyepesi, .308 inatosha. Lazima itoshe. Kama haikutosha, nitaingia kichakani mwenyewe.

Nikapanda Kwale kubadilisha. Mkuu akauliza kwa nini nataka ndogo badala ya kubwa. Nikasema bega. Akasema, "Sawa, mzee, wewe ndiye unajua," akarudi kwenye simu yake.

Nimepita kwa Mwanasha kabla ya magharibi. Alikuwa anafunga vyombo kwenye shuka. Vikombe, birika, mkeka wa mama uliokunjwa. Nikamwamkia yeye kwanza, mimi niliye mkubwa. Akaitikia kwa mdomo tu. Nikamwambia kesho. Akaendelea kufunga.

Jumapili, 10 Agosti

Ameanguka.

Nitaandika kwa mpango, ingawa mkono wauma.

Nilipanda dungu na giza. Mutua alinishikia ngazi, kisha akaenda kuwatoa mkewe na mtoto jikoni, akawapeleka nyumba kubwa upande wa pili. Sikumwomba. Mke wake alilalamika kuhusu chai, nilimsikia.

Kule juu nilijikojolea kwa woga, kwa msemo tu. Suruali ilibaki kavu, alhamdulillahi. Lakini nilikuwa na woga. Mara ya kwanza ukikosa wanasema umezeeka. Mara ya pili hawasemi.

Akaja amechelewa. Kulikuwa karibu kweupe. Akasimama chini yangu kwenye tobo, akanusa, akainua kichwa. Macho madogo. Manyoya mekundu mgongoni kama kitana. Nikatazama nyuma yake: udongo, mizizi, majani, udongo. Nikatazama mara nyingine. Udongo. Nikavuta.

Dungu likayumba, nikashika mti kwa mkono mbaya. Yeye akapiga magoti, akainuka, akaingia kichakani akivunja kila kitu. Kisha kimya.

Ndilo nililoogopa.

Watu wakaja mbio. Wakafika ukingoni, wakaona damu kwenye majani, wakasimama. Mmoja alikuwa na panga refu, kijana mwenye kifua. Akaniambia kwa adabu, "Mzee Bakari, mimi ningeingia, lakini hii damu..." Nikamwambia najua. Maalim akainua mikono akaanza dua. Mwanasha alikuwa nyuma yao wote, amejitanda mtandio, mikono kinywani.

Nikaingia. Kila jani lilikuwa limepakwa. Nilikuwa nimekunja mikono ya sare, ikachafuka hadi viwiko. Hapo nyuma nikasikia hatua, nikageuka, ni Mutua na mbwa wake mwenye sikio moja. Wale waliokuwa ukingoni wakampisha mbwa haraka kuliko walivyompisha nguruwe. Mbwa akaenda mbele pua chini. Nilifikiri juu ya paja la Hamisi. Nilifikiri risasi ni ndogo, ndogo, ndogo.

Mbwa akasimama, akakaa.

Nguruwe alikuwa amelala ubavu chini ya kichaka cha mkwamba, kama amelala usingizi baada ya kushiba. Hakufika mbali. Risasi iliingia nilipotaka. Haikutoka upande wa pili. Nilimgeuza nikatafuta, haikutoka. Nikakaa chini karibu naye. Mutua akanipa maji ya chupa.

Tulimvuta sisi wawili, na shimo tukalichimba sisi wawili, kwenye kona ya tobo. Wengine walileta majembe na wakayaweka mbali. Mutua aliutazama ule mzigo wa nyama ukifukiwa, akatikisa kichwa. "Afande, nikifa na njaa, Mungu atakuuliza." Nikacheka mpaka bega likaniuma.

Adhuhuri Hamisi akaletwa kutoka Msambweni na tuktuk. Alishuka kwa mkongojo. Akataka kuonyeshwa. Nikamwonyesha shimo. Akalitazama sana, akalitemea mate, akaenda ndani akalala kwenye kitanda chake. Sikusikia neno la Mwabungo.

Ya kujitoharisha nitaandika kesho. Sina mkono.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimesafisha bunduki. Babu, Mjomba, Kijana. Kijana pekee ndiye aliyekuwa na masizi. Ukungu, chai ile ile. Mkuu amesema kazi nzuri, kisha akaniuliza kama najua kurekebisha bomba la choo.

Ya jana.

Tulipomaliza kuzika, Mwanasha alikuwa anangoja uani na ndoo mbili za maji, kata ya kuchotea, na ile ndoo ya udongo. Ameitoa leso. Alichota udongo akauchanganya na maji kwenye beseni kwa mkono wake, taratibu, akivunja mabonge kama anayetengeneza uji wa mtoto. Udongo mwekundu, laini. Hauna hata jani.

Nikanyoosha mikono. Akamimina. Kwanza maji ya udongo. Akahakikisha umefika kila mahali, kati ya vidole, kwenye kucha, kwenye viwiko. Kisha maji, akihesabu kwa sauti ndogo, kama mama alivyokuwa akihesabu. Akipotea anaanza upya hesabu ya mwisho, ili awe na yakini. Mutua alikuwa ameegemea ukuta, ule uliokandikwa juzi, anangoja apewe maji ya kunywa. Alikuwa akitazama ndoo.

Ilipofika ya mwisho Mwanasha akasema, bila kuniangalia, "Huu udongo nshauchimba tangu Alhamisi, kaka. Kwa mkono wangu. Wa kichuguuni, pale tulipokuwa tukicheza. Nikajua hapana udongo safi kama ule." Akaweka kata chini. "Juzi nilikusema vibaya mbele za watu. Nisamehe."

Nikamtazama Mutua. Mutua akamtazama mbwa wake.

Nikamwambia, "Ahsante, mdogo wangu. Ni udongo mzuri."

Akanifuta mikono kwa leso yake. Kisha akaenda kufungua shuka na kurudisha vikombe kabatini.

Leo asubuhi, kabla ya kupanda kuja kazini, nilimkuta akipanda pingili mpya za muhogo kwenye matuta yaliyofukuliwa. Ameiacha kona ya tobo. Ameniuliza kama udongo wa kichuguu hurudi. Nikamwambia mchwa wana subira, watakiinua tena. Akasema basi wasichimbe tena watu, wakiache. Nikasema ndiyo, wakiache.

Mafuta ya bunduki hayaondoki mikononi kwa siku moja. Leo nimeinusa mikono, mafuta hayanuki. Inanukia udongo.